Habu ya bei kubwa imeteleza mlimani: waranti ni ya nani?

Swali kutoka Wete, Pemba:

"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli. Kaka yangu anayeishi London alininunulia magurudumu mawili ya baiskeli yenye habu (kitovu cha gurudumu) za bei kubwa. Aliyanunua dukani kwa mkono wake tarehe 3 Machi mwaka huu, yakamtoka pauni 640, akaniletea mwenyewe alipokuja. Siku za kazi naendea skuli, Jumapili tunatoka kikundi hadi Vumawimbi na tunapita ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Tangu Julai habu ya nyuma inanisumbua. Nikisimama juu ya pedeli mlimani inateleza ghafla, halafu inashika kwa kishindo. Nikilizungusha gurudumu kwa mkono nasikia kama mna mchanga ndani. Nimewaandikia wenye duka na kuwatumia picha. Wamejibu kwamba kutu na uchakavu wa kawaida haumo katika waranti yao ya miaka 2. Fundi wa hapa anataka kuifungua aijaze grisi, nimemwambia asubiri. Je, nina haki yoyote? Niifungue? Na ikiwa imekufa, nitafute habu gani isiyonifanyia haya tena? Nimekutumia picha tatu na video. Agosti 12."

Marahaba, mwalimu. Kabla ya waranti nakuomba jambo moja: usilipande tena gurudumu hilo. Habu inayoteleza haipigi hodi. Mtu akisimama juu ya pedeli uzito wake wote uko kwenye mguu mmoja. Habu ikiachia, mguu unashuka bila kizuizi, goti linapiga usukani na uso unafuata. Nimewahi kumpokea kijana aliyevunjika jino kwa namna hiyo hiyo, na kilima chenyewe kilikuwa cha kuingilia mtaani kwao tu. Tafuta gurudumu la zamani, hata la chuma, ulifunge kwa sasa.

Kumzuia fundi wako umefanya jambo la maana kuliko unavyodhani. Grisi ile ingefuta ushahidi, na pengine ingeifanya habu iteleze zaidi kuliko sasa. Sababu yake utaiona mbele.

Wewe umeandika kama mtu mwenye tatizo moja. Mimi katika barua yako nasoma mawili. Kuna kule kuteleza, na kuna ule mchanga unaousikia gurudumu likizunguka. Vinakaa ndani ya habu moja lakini havitoki pahala pamoja, na wenye duka wamekujibu la pili tu, wakaliacha la kwanza likiwa limefunikwa chini yake. Kazi yako sasa ni kuyatenganisha.

Habu ya nyuma ina sehemu mbili zinazozunguka juu ya ekseli moja. Kuna mwili wa habu, ule unaoshika spoki. Kuna na frii, kile kipande kinachobeba kaseti ya meno ya cheni. Ndani ya mwili mna pete ya chuma kigumu yenye meno upande wa ndani. Kwenye frii mna vidole vidogo vya chuma, vitatu, vinne au sita kutegemea aliyeitengeneza, na kila kidole kinasukumwa nje na springi nyembamba. Ukikanyaga, vidole vinauma meno ya pete na gurudumu linakwenda. Ukiacha kukanyaga, vidole vinaruka juu ya meno, na huo ndio mlio wa tiki-tiki unaousikia ukiteremka.

Sasa fikiria mzigo unaopita hapo. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya pedeli yenye mkono wa milimita 170 anatoa msokoto wa kama nyutoni-mita 117. Akiwa kwenye gia nyepesi ya kupandia, sema meno 32 mbele na 51 nyuma, msokoto huo unaongezeka hadi kama 186 ukifika kwenye habu. Nati za tairi za gari ndogo nyingi hufungwa kwa nyutoni-mita 90 hadi 140. Kwa hiyo mwalimu anayepanda mlima wa Pemba kwa gia nyepesi anaibana habu yake kuliko fundi gari anavyobana nati, na anafanya hivyo kila mguu unaposhuka. Mzigo wote huo unabebwa na vidole ambavyo ukivitia kiganjani unaweza kuvipoteza. Vikiuma vyote kwa pamoja, hakuna wasiwasi. Viwili kati ya vinne vikilala, vilivyobaki vinabeba mara mbili. Kikibaki kimoja kinauma kwa ncha tu, ncha inaliwa, na siku moja inaachia.

Hapo ndipo bei inapoingia, na hapo watu wengi hukosea. Habu ghali haikutengenezwa iwe ngumu zaidi. Mara nyingi imetengenezwa iwe nyepesi zaidi na iwahi kushika. Chukua pete yenye kipenyo cha milimita 34: mzunguko wake ni kama milimita 107. Ukiugawa kwa meno 36, kila jino lina nafasi ya karibu milimita 3, na kidole kinashika kila nyuzi 10. Ukiugawa kwa meno 72, kila jino linabaki na milimita moja na nusu, na kidole kinashika kila nyuzi 5. Mpandaji anayepenya baina ya mawe anaipenda habu hiyo kwa sababu akigusa pedeli tu, gurudumu linaitika. Lakini jino la milimita moja na nusu halina nafasi ya kusamehe uchafu. Grisi ikiganda kidogo kidole kinachelewa kuinuka, na kinapokutana na jino kinalishika nusu. Ndiyo maana fundi wako angekuharibia: grisi ya beringi, zile pete zenye gololi zinazobeba gurudumu juu ya ekseli, ni nzito, na kwenye vidole ni kama kumvisha mkimbiaji koti la mvua. Vidole vinataka oili nzito kiasi au grisi nyepesi sana, tena tabaka jembamba.

Nimeisikiliza video yako mara nyingi. Mlio wake hauendi sawa. Unalia, unapotea kidogo, unarudi. Habu yenye vidole vizima hulia kwa mpigo mmoja kama cherehani. Kwa hiyo nina hakika kubwa kwamba kuna kidole, au vidole, visivyoinuka. Kisichojulikana mpaka ifunguliwe ni sababu: grisi imeganda, springi imekatika, au pete yenyewe ina ufa. La kwanza ni la utunzaji. La pili na la tatu, kwenye habu ya miezi mitano, ni la aliyeitengeneza.

Lakini hakikisha kwanza kwamba si cheni inayokudanganya. Cheni iliyochoka nayo huruka mlimani, na mpandaji anahisi mshtuko ule ule. Chukua kalamu ya wino mzito, piga mstari mmoja unaoanzia kwenye kaseti na kuendelea hadi kwenye mwili wa habu. Funga breki ya nyuma, ukandamize pedeli kwa mkono kwa nguvu, taratibu, mara kumi au ishirini. Cheni ikiruka juu ya meno na mstari ukabaki umenyooka, habu haina kosa. Kaseti ikienda na mwili wa habu ukabaki, mstari unakatika, na hapo umepata jawabu. Mwambie mtu akurekodi ukifanya hivyo.

Nikueleze habu moja niliyoifungua mwaka juzi, kwa sababu ilikuwa karibu ndugu wa hii yako. Aliniletea kijana wa Jambiani anayetembeza wageni kwa baiskeli. Ilikuwa na miezi minane. Nilipovuta frii ilitoka kwa mlio wa kunyonya, na grisi iliyotapakaa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameshaingia na kuchanganyika nayo. Vidole vinne: viwili vimelala, havisimami hata ukivibembeleza kwa sindano. Cha tatu kimesimama, ncha yake imekuwa ya mviringo, laini kama kokwa ya ukwaju. Cha nne springi yake ilikuwa imekatika vipande viwili. Nikaipeleka ile springi kwenye mwanga wa mlango na kuitazama kwa kioo cha kukuza. Pale ilipokatika palikuwa na rangi ya kijivu inayong'aa, hapana kutu hata chembe, ilhali springi nyengine, zilizolowa maji yale yale, zilikuwa nzima kabisa.

Kampuni ilikataa mara ya kwanza kwa neno lile lile uliloambiwa wewe: kutu. Tukawaandikia upya. Beringi tukaziacha kabisa, hatukuzitaja, kwa sababu kijana alikuwa akipita baharini na hilo hatukulificha. Tukatuma picha mbili tu za springi, moja ya mkato na moja ya springi nzima iliyo jirani yake, na swali moja: ikiwa maji ndiyo yaliyokata hii, kwa nini hayakugusa hizi? Walituma frii mpya na springi zake bure. Tulingoja wiki 11. Beringi tulinunua wenyewe.

Sasa turudi kwenye ule mchanga wako, na hapa nitakwambia lisilokufurahisha. Katika picha ya kwanza naona uji wa rangi ya kahawia umezunguka kifuniko cha upande wa kushoto. Hiyo ni beringi iliyoliwa na maji ya bahari, na sidhani kama kuna duka litakalokubali kulipia. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Unapopita ufukweni Vumawimbi mchanga mgumu unarusha matone, tone linaingia chini ya kifuniko, maji yanakauka, chumvi inabaki. Na chumvi hailali. Unajua chumvi ya jikoni inavyolia mkebeni wakati wa masika: huanza kunywa maji ya hewa unyevu unapofika kama asilimia 75, na ile ya bahari huanza mapema zaidi kwa sababu ya madini mengine yaliyomo. Visiwani kwetu unyevu huo tunao usiku baada ya usiku. Kwa hiyo baiskeli iliyolowa Jumapili bado imelowa Jumatano, ndani, pahala usipopaona.

Huenda umeambiwa beringi zako ni za kauri na haziozi. Karibu zote zinazouzwa kwa jina hilo zina gololi za kauri tu. Njia zinamopita gololi hizo ni chuma kama kawaida. Na chuma cha beringi cha siku zote kina kromiamu ya asilimia moja na nusu tu, wakati chuma hakiitwi kisichoshika kutu mpaka kifike angalau asilimia 10.5. Gololi ya kauri ni ngumu kuliko njia yake. Njia ikishaanza kutoboka kwa kutu, gololi ile ngumu inaisaga upesi zaidi. Kwa mtu wa pwani sioni sababu ya kuilipia.

Ule unga mweupe kwenye frii, katika picha ya pili, ni alumini inayooza kwa kugusana na chuma cha kaseti kwenye maji ya chumvi. Kwa sasa ni wa juujuu, usikutie hofu.

Haya, waranti. Kosa lako halikuwa kudai, lilikuwa kudai wewe. Duka halikujui. Risiti ina jina la kaka yako, mkataba ni wake na duka, na waranti nyingi za vifaa hivi humlinda mnunuzi wa kwanza peke yake. Barua yako wanaweza kuijibu kwa hisani au wakaiacha. Barua ya kaka yako ni kitu chengine, kwa sababu nyuma yake kuna sheria ya Uingereza ya haki za mtumiaji ya mwaka 2015, na sheria hiyo haina habari na kijikaratasi cha waranti. Inasema bidhaa iwe na ubora wa kuridhisha, na kudumu kwake ni sehemu ya ubora huo. Anayebanwa ni duka lililouza, hata likisema "waandikie watengenezaji". Na kuna jambo ndani yake linalokuhusu wiki hii: kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 tangu mali ikabidhiwe, huhesabiwa kwamba ilikuwamo tangu siku hiyo, na ni juu ya duka kuthibitisha vyengine. Baada ya hapo mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mnunuzi. Kudai bado anaweza, kwani Uingereza mlango wa mahakama unabaki wazi kwa miaka 6, ila atahitaji ripoti ya mtaalamu.

Kaka yako alinunua Machi 3 na kuondoka nayo siku ile ile. Miezi sita inatimia Septemba 3. Leo umebakiwa na wiki tatu. Kasoro imeonekana Julai na barua yako ipo, hilo linasaidia, lakini mpigie kaka yako usiku huu aandike kwa jina lake, aambatanishe risiti, aseme waziwazi kwamba anadai chini ya sheria hiyo na kwamba anataka kitengenezwe au kibadilishwe. Duka lina nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Likishindwa, anaweza kudai apunguziwe bei au arejeshewe fedha. Muulize pia alilipaje. Kama alilipa kwa kadi ya mkopo, basi kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi 30,000, benki iliyotoa kadi inabeba dhamana pamoja na duka kwa sheria yao ya mikopo ya mwaka 1974, na anaweza kuwadai wao. Watu wetu wengi wanaoishi kule hawaitumii haki hii, na inaniuma kuona fedha za jasho zinapotea hivyo.

(Wasomaji wenye ndugu Ujerumani, Ufaransa au kwengine katika Umoja wa Ulaya: huko dhamana ya kisheria ya muuzaji ni miaka 2 kwa uchache, na mwaka mzima wa kwanza mzigo wa kuthibitisha uko kwa muuzaji.)

Barua iwe fupi, na iwe juu ya kuteleza tu. Beringi asizitaje kama dai. Wakiuliza kuhusu bahari, aseme kweli: ndiyo, baiskeli inapita pwani. Ukificha, picha zitakusuta na dai zima litakufa. Na ajiandae kwa jibu kwamba maji ndiyo yaliyolaza vidole. Hapo ndipo picha za ndani zitakapoamua, na ndiyo sababu nakwambia ndiyo, habu ifunguliwe, lakini baada ya kaka yako kuandika na kuwauliza kwa maandishi kama wanaruhusu ifunguliwe na fundi hapa. Mara nyingi watakubali, kwa sababu kusafirisha gurudumu zima kutoka Pemba hadi London ni gharama ambayo hata wao hawataki kuizungumza. Wakikataa wakataka walione, waulize kwa maandishi nani analipia usafiri. Sheria hiyo inawataka watengeneze bila kumtwisha mnunuzi gharama.

Wakikubali, fungua mchana, kwenye kitambaa cheupe, na usifute kitu. Kaseti itolewe kwa kifaa chake, kisha kifuniko cha mwisho wa ekseli. Kwenye habu nyingi za siku hizi kinavutika kwa mkono. Frii ivutwe taratibu na kiganja kiwe chini, maana springi zikiruka mchangani hazionekani tena. Piga picha kila hatua kabla ya kugusa hatua inayofuata. Picha ninazotaka mimi ni hizi: vidole vyote kwa pamoja kama vilivyotoka, kila ncha ya kidole kwa karibu, kila springi, na pete ya meno mzunguko mzima ikiangazwa kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, kwa sababu ufa mwembamba hauonekani ukimulikwa kutoka mbele. Tazama shina la meno, huko ndiko ufa unakoanzia. Kagua pia ule ukingo wenye matundu ya spoki. Ukiona ufa hapo, hilo peke yake ni dai. Halafu jaribu kuisukuma beringi kwa kidole gumba: beringi inatakiwa ikae kwenye mwili wa habu kwa kubana, na ikitoka kwa kidole basi tundu lilichongwa kubwa, na hakuna chumvi ya bahari yoyote inayochonga tundu.

Kitu wakikubali kutuma, omba frii na springi zake tu, vifike kwa kaka yako, vije na msafiri. Ni mzigo wa gramu chache.

Aliyenunua hapa hapa Zanzibar hana safari ndefu hivyo, ila ana karatasi iliyoandikwa "mali ikishauzwa hairejeshwi" na anakata tamaa mlangoni. Asikate tamaa. Ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, na malalamiko ya watumiaji wa bidhaa ni kazi yake. Aende na risiti, na kabla ya kulipia kitu ghali amwambie muuzaji aandike kwenye risiti ile jina la bidhaa na muda wa waranti. Ahadi ya mdomo ya dukani ni ngumu kuipeleka popote.

Tuseme wamekataa kabisa. Habu haijafa. Beringi zina namba ubavuni, kwenye mpira wake. Namba 6902, kwa mfano, ni tundu la milimita 15, kipenyo cha nje 28 na upana 7, na ni saizi ya kawaida. Wauza beringi za mashine Kariakoo wanaijua kwa namba hiyo bila kujua baiskeli ni nini. Chagua yenye mpira pande zote mbili, mpira unaogusa. Isigongwe kwa nyundo. Ivutwe ndani kwa boliti ndefu na washa mbili pana, na washa isukume pete ya nje ya beringi. Ukisukuma ya ndani umeiua kabla haijazunguka. Ukikuta namba ambayo hakuna anayeijua, basi umeshagundua kwa nini sipendi baadhi ya habu za bei kubwa: wametengeneza saizi yao peke yao, na beringi inatoka kwao tu.

Na hilo linanipeleka kwenye swali lako la mwisho. Kwa mtu wa Pemba mimi sianzi na bei wala uzito. Nauliza: nikiwa Wete, Jumamosi, na hii imeharibika, naweza kuifungua na kupata cha kutia? Habu za Shimano, nyingi, bado zinatumia gololi huru zinazobanwa kati ya kikombe cha habu na koni, mtindo wa baiskeli za babu zetu. Nyuma huingia kwa kawaida gololi 9 za robo inchi kila upande, ambazo fundi wa mtaani anazo kwenye kopo. Udhaifu wake ni kwamba ukichelewa mpaka kikombe kikatoboka, mwili wote wa habu umekwisha, kwa hiyo usichelewe. DT Swiss, wale Waswisi, katika habu zao za 350 na 240 wametumia mtindo mwengine: badala ya vidole kuna visahani viwili vyenye meno vinavyokutana uso kwa uso, meno yote yanauma kwa pamoja, na inafunguka kwa mkono bila spana. Hope wa Barnoldswick, Uingereza, wanatumia vidole, na wana sifa ya kuuza spea hata za habu zao za zamani. Yoyote kati ya hizo naweza kuitunza kisiwani.

Zaidi ya hapo: meno 36 yanakutosha kabisa kwa kwenda skuli, usilipie 72. Frii iwe ya chuma, au ya alumini iliyotiwa vipande vya chuma pale kaseti inapokaa. Matundu 32 ya spoki zenye kichwa kilichopinda, si zile zilizonyooka moja kwa moja, kwa sababu zilizonyooka zikikatika hapa utangoja meli. Na vinati vya spoki viwe vya shaba. Vya alumini vina rangi nzuri na vinaoza mapema kuliko kitu chengine chochote kwenye gurudumu la pwani.

Vumawimbi usiiache, nami nisingeiacha. Ila ukirudi, ndoo mbili za maji baridi yasiyo na chumvi, umwagie taratibu, ufute, uzungushe magurudumu, uiweke penye upepo. Usiipeleke kwenye ile mashine ya kuoshea magari. Maji yake ya nguvu yanapenya mipira ya beringi na kuingiza chumvi ndani zaidi. Nimemsikia mtu akisifia mafuta ya nazi kwa vidole vya habu. Huganda yakifika kama nyuzi 24, na asubuhi za kipupwe utakuwa na vidole vilivyolala kwa nazi. Tumia ile oili nzito kiasi niliyoitaja, kama ya gia, matone mawili matatu. Kwa mwendo wako, frii ifunguliwe kila miezi mitatu, na isikose kufunguliwa kabla ya masika.

Mpigie kaka yako kwanza. Habu ikishafunguliwa nitumie picha ya vidole na ya shina la meno kabla hujawatumia wenye duka, tuzitazame pamoja ipi iende mbele.